Jina Asilolitaja Mama

Mirongo, Mwanza
Jumapili, baada ya misa ya pili

Dada yangu mpendwa Paskazia,

Shikamoo dada. Kabla hujaendelea kusoma, angalia kwanza kama Mama yuko karibu. Kama yupo, ikunje barua hii, umalizie shughuli zako, uje uisome ukiwa shambani peke yako. Ndiyo maana sikupiga simu. Simu yako haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, na masikio ya Mama bado ni mazima kuliko macho yake. Humu ndani kuna karatasi mbili. Hii ni yako. Ile fupi ndiyo ya kumsomea yeye.

Mnaendeleaje huko Muleba? Migomba imesimama baada ya ule upepo? Mguu wa Mama umepungua uvimbe? Na wewe mwenyewe, kile kifua cha asubuhi kimekuachia? Nawaombea kila siku, nikianza na Mama nikimalizia na wewe, maana najua mzigo wa nyumba uko mgongoni kwako.

Mimi wa mwili sijambo. Kazi ya usafi pale makumbusho naendelea nayo. Chumba ni kile kile, na mvua ikinyesha mto unatuletea uchafu wa mji mzima mpaka mlangoni. Tunafagia, tunamshukuru Mungu, tunafagia tena. Hayo nimeyazoea. Lililonikalisha chini kuandika ni lile la nyundo ya Babu.

Dada, halikufaulu. Nalisema mapema ili usisome kwa matumaini.

Unakumbuka ilivyotoka nyumbani. Makumbusho walikuwa wanaomba vitu vya kale kutoka pande zote za ziwa, nami nikawaambia kwetu ipo nyundo ya mti ya kupondea lubugo, ile nguo ya gome waliyovaa na kuzikiwa wazee wetu kabla ya pamba. Wewe ulisema Mama hataiachia. Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe akaifunga kwenye kanga yake mpya, akanikabidhi pale bandarini Kemondo mbele ya watu, akasema, "Kule wanaandika majina. Mimi huyu Mwenye Nyundo siwezi kumtaja. Basi wao wamtaje kwa niaba yangu."

Ndivyo alivyomwita siku zote, Mwenye Nyundo. Mke hamtaji baba mkwe wake, na Mama hakuteleza hata akiwa na homa. Nawe unajua kwa nini alitaka atajwe. Alipotuzaa sisi wasichana watupu na watu wa ukoo wakakaa kikao kwamba arudishwe kwao, ni yule mzee aliyeweka nyundo chini akasema, "Huyu haondoki, na wanawe ni wangu." Kisha akaiokota akaendelea kuponda. Hakusema zaidi ya hapo, na kwa neno hilo sisi tuna kwetu. Baba alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee, na sisi tumezaa watoto wa majina ya watu wengine. Jina la Babu lilikuwa halina tena pa kukaa, ila pale kwenye kabati la kioo la makumbusho.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, nisiuseme vibaya. Wageni wetu ni wa lugha nyingi: Wachina wa ujenzi, wazungu wanaopita kwenda kuona wanyama, Wakongo wa biashara, na sisi wenyewe. Kuandika vibao kwa lugha zote hizo, ukuta usingetosha. Basi karibu na kila kitu wakabandika alama ya mraba yenye vidoadoa vyeusi. Mgeni anaielekezea simu yake, nayo inamfungulia habari za kitu hicho kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, kile kitabu kikubwa kisicho na karatasi ambacho watu wa kujitolea duniani kote wanakiandika bila malipo. Simu ikiwa ya Kichina inamletea Kichina, ya Kifaransa Kifaransa. Siku ya kwanza nilimwona mzungu mmoja mzee anasoma habari za ngoma ya Kisukuma kwa lugha ya kwao, anatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jamaa yake njiani. Nililia kidogo nyuma ya mlango wa stoo. Niliwaza, zamu ya Babu inakuja.

Aliyeshika mpango huo ni Madamu Nyanzobe, afisa wetu wa maelezo, msichana wa Kisukuma aliyekulia hapa hapa mjini. Hana dharau. Ananiamkia hata akiwa na wageni wake. Ndiye aliyekuja huko nyumbani kumuuliza Mama habari za nyundo, siku ile wewe ulipokuwa umekwenda kwenye mazishi. Alipata mwalimu mmoja wa hapo kijijini amtafsirie. Sauti walizorekodi amenisikilizisha zote.

Mama anaeleza vizuri mno, dada. Anasema jinsi gome la mtoma linavyovuliwa kwa ncha ya mgomba ili mti usiumie, jinsi mti unavyofungwa majani ya ndizi kama mgonjwa anavyofungwa bandeji mpaka uote ngozi nyingine. Anasema upande wenye mifereji mipana unaanza kuponda na wenye mifereji myembamba unamalizia. Anacheka hata. Kisha Madamu anauliza, "Nani aliichonga?"

Hapo sauti inakatika. Unasikia kuku. Unasikia mtu anapasua kuni kwa mbali. Mama hasemi kitu. Mimi najua alichokuwa anafanya: alikuwa anaangalia njia, anatafuta wa kumtajia. Si ndivyo tulivyofanya siku zote? Akiulizwa hospitali, akiulizwa na mtendaji, anatugeukia, na mmoja wetu anataja. Siku hiyo hakukuwa na wa kumgeukia. Madamu naye akanyamaza. Aliniambia, "Nilimwona amefunika mdomo kwa kanga, nikadhani ni uchungu wa marehemu. Mimi ni nani nimbane mama mzima?" Akapita kwenye swali lingine, kwa adabu zake zote. Heshima mbili zilikutana pale uani kwetu, na jina likaanguka katikati.

Usijilaumu kwa ajili ya yale mazishi. Maiti haisubiri, na mgeni hakutoa taarifa.

Mimi sikumtajia Madamu kabla hajasafiri, kwa kuwa alikuwa anakwenda kwa mwenyewe. Aliporudi nilikuwa nimelazwa na malaria. Nilipopona, maandishi yalikwishakwenda kwa wafadhili, yakapigwa chapa huko, na kijitabu kikarudi kizuri, cha rangi, kinanukia upya. Nikatafuta ukurasa wetu. Umeandikwa: Nyundo ya kupondea gome. Magharibi mwa ziwa. Mchongaji hajulikani.

Nilimpelekea Madamu ofisini nikamwambia, "Huyu anajulikana. Ni babu yangu mzaa baba." Nikamweleza kwa nini Mama alinyamaza. Alikivuta kijitabu, akausoma ukurasa ule tena. "Mama Leokadia," akasema, "hata kwa bibi yangu Misungwi mkwe hatajwi. Nimelijua hilo tangu nanyonya. Nilikuwa na nini siku ile?"

Hakuahirisha. Alifungua kompyuta yake, akaingia kwenye ule ukurasa wa mtandaoni, akaandika jina la Babu, mimi nimesimama nyuma yake na ndoo yangu. Nililiona, dada. Lilikaa pale limenyooka. Nilimwomba asifunge upesi.

Kesho yake lilikuwa limeondolewa.

Mmoja wa wale watu wa kujitolea, hatujui hata yuko nchi gani, aliandika kwa upole kwamba jina lazima liwe na chanzo kilichochapishwa. Madamu akalirudisha, akaeleza kwamba mjukuu yupo, anaweza kuulizwa. Likaondolewa tena. Maneno ya mjukuu si chanzo. Na kuhusu nyundo ile kilichochapishwa ni kimoja tu, kijitabu chetu, nacho kinasema hajulikani. Kwa hiyo tunakanushwa na sisi wenyewe.

Siwezi kuwachukia. Hata parokiani ukitaka ndoa huwezi kusema mimi nimebatizwa, niulizeni. Unaambiwa lete cheti. Kila mtu akiruhusiwa kujiandikia babu, kitabu kitajaa uongo. Naelewa hayo yote, lakini hayanisaidii.

Nilikwenda kwa padre mmoja mstaafu anayeshika historia ya kwetu, nikamwomba anitafutie Babu kwenye vitabu vyake. Alivaa miwani, akapekua mchana mzima, mimi nakunywa chai yake na kuona aibu. Mwisho akasema, "Mwanangu, wamo machifu, wamo wamisionari, yumo hata punda wa wamisionari. Waponda magome hawamo." Akaniombea, akanisindikiza mpaka getini. Mkurugenzi naye akasema kijitabu hakitachapwa upya, wafadhili wamefunga mradi huu wameanza mwingine.

Na wakati sisi tunahangaika, neno lile likaanza kusafiri. Watu wa kujitolea wa lugha nyingine waliuchukua ukurasa wa Kiswahili wakautafsiri, kila mmoja kwa lugha ya kwao, kwa nia njema. Mimi huwauliza wageni wakimaliza kusoma. Mchina mmoja alizungumza na simu yake, simu ikanijibu kwa Kiswahili cha ajabu: "Aliyefanya hayupo kujulikana." Dada mmoja wa Kikongo alisema, "Hapa wameweka kwamba hawamfahamu, mama. Pole." Ndivyo hivyo kwa kila lugha ninayouliza. Kwa Kihaya hakuna kitu, hata hilo la kutojulikana halipo.

Unamkumbuka Mama Kulwa, yule Msukuma mkata tiketi niliyekuja naye kwenye ubatizo? Yeye kila jambo ni utani. Aliposikia akaniambia, "Ninyi Wahaya mnajigamba mwaka mzima, nyumba ya bati mnajigamba, mtoto kajua A B C mnajigamba. Imefika siku moja ya kujigamba kwa faida, mama yako akakaa kimya." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha kicheko kikageuka, na Mama Kulwa akaniona, akachukua ufagio wangu, akanifagilia ukumbi wote bila neno.

Lililonivunja ni la juzi. Mwalimu mmoja alileta wanafunzi kutoka Misungwi. Akasimama mbele ya kioo, akasoma simu yake, akawaambia, "Hii hapa ni nyundo ya kutengenezea nguo za gome. Aliyeichonga hajulikani." Wakaandika. Ningenyamaza, lakini mdomo ulinitoka. "Mwalimu, samahani, ni babu yangu. Kwetu ni Muleba."

Akanitazama, akatazama ndoo. Hakuwa mbaya, alitabasamu. "Mama, tukisema hivyo kila msafishaji atakuwa na babu humu ndani." Wanafunzi wakacheka, wakapita kwenda kwenye ngoma.

Nilipomaliza zamu nikaenda kanisani nikakaa tu, sikusali. Novena nilikwishaimaliza, nyingine nikaanza nikaiacha njiani. Sijakufuru, dada, usiogope. Ila siku hizi nikisema Mungu anamjua Babu, namaanisha kwamba hakuna mwingine.

Sasa sikia la mwisho. Vitu vyote vilivyoandikwa kwamba aliyevitengeneza hajulikani vinaondolewa ukumbini. Wanataka nafasi ya vitu ambavyo ukurasa wake umekamilika, ili mgeni akielekeza simu asipate pengo. Kesho Jumatatu wanafungua kioo, nyundo inakwenda stoo. Madamu aliniambia mwenyewe, alinifuata mpaka kwenye karo la kuoshea madekio. Alipigania ibaki, wakamshinda. Alisema, "Nisamehe, mama." Nikamwambia hakuna la kusamehe. Ni kweli hakuna. Kila mtu katika jambo hili amefanya lililo sawa, na ndiyo maana sioni pa kushika.

Kwa hiyo nakuomba: msije Pentekoste. Najua Mama ameshashona gauni. Najua anamwambia kila jirani kwamba anavuka ziwa kwenda kumwona Mwenye Nyundo akitajwa. Lakini atakuja aone nini? Macho yale, nimshike mkono nimwingize stoo, nimwelekeze kwenye sanduku? Na atauliza, unamjua. Atauliza wameandikaje, nami siwezi kumdanganya Mama, wala siwezi kumwambia kwamba ni kimya chake mwenyewe, ile adabu aliyoishika maisha yake yote kwa kumpenda yule mzee, ndiyo iliyomfuta. Hilo asilijue. Likimfikia litamuua kabla ya ugonjwa. Mwambie nauli imepanda, mwambie meli imejaa. Hapana, usimwambie uongo. Mwambie Leokadia amesema subiri. Kusubiri anajua.

Nyundo yenyewe haijaharibika. Mchwa hawajaigusa, na pale kwenye mpini kidole gumba cha Babu kilipochimba pamebaki vile vile. Kila asubuhi kabla hatujafungua mlango, ni mimi ninayesafisha kioo chake. Nakisogelea, natamka jina lake lote na la baba yake, taratibu. Mimi ni mjukuu, sijakatazwa. Pumzi inatanda kwenye kioo kama ukungu wa ziwani, naangalia kidogo, kisha nachukua kitambaa nafuta, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoajiriwa. Kesho nitafanya hivyo mara ya mwisho.

Jina hilo sijaliandika humu. Nimeliweka kwenye karatasi ya Mama. Utaona kwa nini.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako, mwambie nimesikia anavyombeba Mama mgongoni kwenda misa, Mungu amlipe. Nisalimie binti yako wa mwisho, asiache shule. Nisalimie katekista wetu wa zamani aliyetufundisha sala tukiwa hatuna viatu, na jirani yule anayetuazima baiskeli ya magurudumu matatu Mama akiugua. Na yule mwalimu aliyetafsiri siku ile, msalimie pia, usimwambie kitu.

Barua anakuletea mkwe wa Mama Kulwa, anapanda basi Nyegezi kesho alfajiri. Mpe ndizi.

Ni mimi mdogo wako,
Leokadia


(Hii ndiyo ya Mama. Isome kwa sauti, polepole.)

Mama, shikamoo. Pole na mguu. Mimi mwanao sijambo, nakula vizuri, nasali.

Mama, nakuomba usije kwanza Pentekoste. Gauni lisubiri kabatini. Nyundo ipo, ni nzima, naipangusa kwa mkono wangu, haijaguswa na mtu asiye na adabu. Ukiniuliza wameandikaje, nitakujibu siku nikija nyumbani tumekaa wawili, si kwa barua.

Lakini uliniambia pale bandarini kwamba unataka atajwe, nami sipendi neno lako likae bure. Wewe umekatazwa kulitaja, Mama. Hukukatazwa kulisikia. Paskazia ni mjukuu, yeye anaruhusiwa. Nimemwomba akifika hapa asimame wima, alisome, kisha anyamaze kidogo.

Kaijage, mwana wa Rutabingwa. Yeye ndiye aliyechonga.